Nilipomshtaki Mtani Wangu

Kwa miaka minane mzee mmoja alisimama kila asubuhi mbele ya karai langu la vitumbua na kuniuliza swali lile lile.

"Vya leo vimeoga?"

"Vimeoga kukuzidi wewe, babu."

"Maji mmeyatoa wapi, nyinyi watu wa juu?"

Nilimwekea viwili. Kimoja alikila palepale akiwa amesimama, cha pili alikifunga kwenye gazeti na kukitia mfuko wa kanzu kwa ajili ya mjukuu wake. Mfuko ule ulikuwa na doa la mafuta ambalo hakuna sabuni iliyoliweza.

Mzee huyo ni Mmwera, mzaliwa wa hapa upande wa Mandawa, na baba yake alizaliwa hapa vilevile. Mimi ni Mmakonde. Wazazi wangu walitoka Newala, huko juu kwenye tambarare ya mlima, wakaishi Nachingwea miaka kadhaa, kisha wakaja wilaya hii ya Ruangwa kutafuta shamba la mikorosho. Kwa hiyo yeye na mimi ni watani. Watu wa kusini hawahitaji maelezo zaidi. Asiyejua nimwambie tu kwamba mtani ana haki ya kukusema mbele za watu, na wewe huna haki ya kununa. Haki uliyonayo ni kumrudishia.

Nililijua jambo hilo tangu mdogo. Kosa langu ni kwamba sikulifundisha nyumbani.

Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, Nachingwea, nikikaa kwa shangazi. Mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Nilifunga sanduku langu la bati, nikapanda gari la Ruangwa, na darasani sikurudi tena. Baada ya msiba mjomba alikuja na mpango. Mdogo wangu wa kiume angeenda naye Newala, wa mwisho, binti wa miaka minne, angechukuliwa na shangazi, na mimi ningeolewa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia, "Mjomba, hatugawanywi." Alidhani ni uchungu wa siku zile. Alipokuja mwaka uliofuata alinikuta na karai, shamba la baba limepaliliwa, na wadogo zangu wote wawili wakiwa na sare za shule. Hakurudia maneno yale.

Yule wa kiume sasa anasoma ufundi Nachingwea. Wa mwisho ndiye anayehusika hapa. Alikuwa darasa la sita.

Shule yetu ya msingi ina watoto wa kila namna. Wamwera ndio wengi. Wapo Wamakonde kama sisi, Wayao, Wamakua ambao babu zao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na siku hizi wapo watoto wa wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka mbali. Wote huzungumza Kiswahili darasani na lugha zao njiani. Mimi nyumbani nilizungumza Kiswahili tu. Mdogo wangu aliponiuliza zamani, "Dada, sisi ni wa wapi?" nilimjibu, "Sisi ni wa hapa." Nilikuwa nimesikia wakati wa msiba watu wawili watatu wakinong'ona kama hawa wa kuja wataliweza lile shamba, na niliona ni heri tusiwe wa mahali pengine popote. Tungekaa kimya, tungefanya kazi, tungeachwa.

Kiangazi visima vinapungua, na kila mwanafunzi huenda shule na dumu lake dogo la maji. Asubuhi moja ya Septemba, mabibo ya kwanza yakianza kuiva, mdogo wangu alirudi nyumbani saa mbili. Dumu hakuwa nalo. Macho yalikuwa mekundu.

"Sirudi tena," alisema.

"Umefukuzwa?"

"Wamesema hatuogi."

Nilimvuta neno moja moja. Alipofika kwenye pipa la shule kumimina maji, mwenzake wa darasa moja alipaza sauti mbele ya foleni nzima: "Jamani pisheni, Mmakonde kaleta maji! Leo mvua itanyesha! Kwao huko juu wanaoga Krismasi kwa Krismasi!" Foleni ikacheka. Yeye aliliacha dumu chini na kuondoka.

"Nani aliyesema?"

Alimtaja. Alikuwa mjukuu wa yule mzee, mtoto aliyelelewa na kitumbua changu cha pili.

Ningelicheka siku ile ile, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona machozi tu, sikuona kingine. Nilivua aproni, nikaenda shule na unga bado mikononi, nikamwona mwalimu wa nidhamu. Alikuwa kijana wa kanda ya ziwa, mwaka wake wa kwanza kazini. Alinipa kiti, akaniita mzazi, akaandika kila nilichosema.

"Huu ni ubaguzi," alisema. "Hauna nafasi katika shule hii."

Neno lile lilinipendeza. Lilikuwa kubwa, la kitabuni, na mimi niliyeacha shule nilijisikia nimesikilizwa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda.

Mjukuu wa mzee alipewa adhabu ya kuchota maji ya vyoo wiki nzima. Siku iliyofuata, kwenye paredi, mwalimu akatangaza kwamba kuanzia leo ni marufuku mwanafunzi kutaja kabila lake au la mwenzake, kuongea lugha ya nyumbani katika eneo la shule, au kusema wazazi wa fulani walitoka wapi.

Asubuhi ile mzee hakuja kwenye karai. Ya pili hakuja. Ya tatu alikuja, akasimama pale pale pake.

"Habari za asubuhi, mama," alisema.

Nilimwangalia. Hakuwa amewahi kuniita mama.

"Nzuri, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Naomba viwili."

Alivipokea, akashukuru, akaondoka. Huyu mzee amewahi kuniambia kwamba nanuka kama kisima kilichokauka, na nikacheka hadi nikaunguza vitumbua. Sasa nilisimama na mwiko mkononi, nimeumizwa na adabu.

Jioni nilimuuliza mdogo wangu kama bado wanamsumbua.

"Hapana," alisema. "Hawanisumbui. Hawaniongeleshi kabisa. Nikifika kwenye pipa wananyamaza, wananipisha. Nikikaa, wanahama dawati." Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso. "Dada, mimi naomba niache shule, nikusaidie vitumbua."

Nilishtuka, kwani kumbe yote niliyoyafanya tangu siku ya lile sanduku la bati yalikuwa yanaelekea hapa, mtoto huyu asimame nyuma ya karai hili akiwa na miaka kumi na miwili, tena kwa hiari yake. Nilimwambia hapana, lakini nilijua hapana peke yake haimpeleki mtoto shuleni mahali ambapo hakuna anayemwambia karibu.

Ndipo nikakumbuka msiba wa baba.

Siku ile, jeneza likiwa bado ndani, waombolezaji waliambiwa kaburi halijakamilika kwa sababu mchimbaji amegoma. Tulipotoka tulimkuta mzee huyu amelala ndani ya kaburi, jembe kifuani, kofia usoni. "Sitoki," alisema. "Nimepaona pazuri. Mmakonde huyu atafute pake, kwanza hajazoea kulala mahali penye unyevunyevu." Alidai jogoo ndipo atoke. Alipopewa alitoka, akachukua bomba la baba la kupulizia mikorosho dawa ya salfa, akalivaa mgongoni, akatembea uwanjani akiwa ameinamia upande wa kushoto, hatua moja ndefu na moja fupi, vilevile kama baba. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu jana yake, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alikuwa Mwislamu na sisi Wakristo, lakini kaburi la baba alilichimba yeye na wanawe, na hakuna aliyewaomba. Ni kazi yao, sisi ni watani wao.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyempelekea mjukuu wake kwa mwalimu.

Kesho yake nilimkamata jogoo wangu mweupe, nikamfunga miguu, nikaenda. Nilimkuta mzee shambani akifagia majani chini ya mikorosho yake, kujiandaa kuokota korosho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na polisi?"

"Nimekuja peke yangu."

Aliendelea kufagia. "Nililala kaburini kwa baba yako, nikalipima kwa mgongo wangu. Leo mjukuu wangu anabeba maji ya choo kwa neno ambalo mimi nakwambia kila siku asubuhi na wewe unacheka. Niambie, hilo neno limeharibika lini?"

"Mdogo wangu hakujua kama ni utani."

"Hakujua kwa sababu nani hakumwambia?"

Niliweka jogoo chini. Alimtazama muda mrefu, akamgusa kwa ncha ya ufagio.

"Huyu ameoga?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikijifuta kwa ncha ya khanga. Yeye hakucheka.

"Faini nimepokea, lakini bado hatujamaliza," alisema. "Mimi sikumkosea mtoto, yeye ndiye hajanijibu. Anijibu mwenyewe, mbele za watu. Asiponijibu, jogoo huyu simli, nitamrudisha mlangoni kwako, na utani wetu umeishia hapo. Nitakuwa nakwambia habari za asubuhi mpaka nife."

Tulikwenda wote wawili kwa mwalimu. Alituona tumekaa benchi moja, akachanganyikiwa.

"Mzazi, si wewe ndiye uliyelalamika?"

"Ndiyo, mwalimu. Leo nimekuja kujilalamikia mwenyewe."

Nilimweleza. Alikunja uso, na nikaona anaogopa kuonekana ameshindwa kazi. Mzee akamuuliza, taratibu, "Mwanangu, kwenu huko hamna watani?"

Mwalimu akataja kabila moja la jirani na kwao, akaanza kutueleza wanavyosemana wakikutana mnadani, na kabla hajamaliza alikuwa anacheka mwenyewe, amejiegemeza kwenye kabati. "Lakini mimi nilidhani huku mnatukanana kweli," alisema.

"Tunatukanana kweli," mzee alisema. "Ila tunajibiwa."

Mwalimu alilifikiria hilo siku mbili, akazungumza na mwalimu mkuu, wakaifuta ile marufuku, na wakaja na jambo kubwa kuliko tuliloomba. Mahafali ya darasa la saba yalikuwa karibu. Mwaka huu, badala ya kwaya moja na risala moja, watoto wangejitambulisha kwa kwao: chakula chao, ngoma yao, salamu kwa lugha yao, na mwisho wa yote, utani. Sharti lake lilikuwa moja. Anayetaniwa lazima apewe kipaza sauti ajibu.

Nilibaki na kazi yangu. Nilimchukua mdogo wangu kisimani, na njiani, kwenda na kurudi, nikamsimulia niliyokuwa nimeyakalia miaka minane. Bibi yetu Newala aliishi juu ya mlima ambako hakuna kijito wala kisima. Wanawake walitoka kabla ya jua, wakashuka mteremko mpaka bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, na mtu akijikwaa njiani wenzake wote walimpunguzia maji yao kidogo kidogo asirudi nyumbani mikono mitupu. Mama alipokuwa mtoto bakuli moja liliwaogesha watu watatu.

"Kwa hiyo ni kweli wanavyosema?" aliuliza.

"Ni kweli maji yalikuwa mbali. Hayo mengine ya kutooga ni chumvi yao."

Alitembea, dumu kichwani, bila kulishika. Halafu akauliza, "Na wao tunawasemaje?"

Nilisimama katikati ya njia nikamwambia kila nilichojua. Aliniambia nirudie mengine mawili matatu.

Siku ya mahafali walifunga turubai uwanjani na spika juu ya mti wa bendera. Wazazi walikuja mpaka wa kutoka Nambilanje. Mezani kulikuwa na wali, ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku kwetu, ugali wa muhogo, mboga za majani za aina ambazo sikuzijua majina, na maziwa mgando ya watoto wa wafugaji, ambayo yaliisha kwanza. Mvulana wa darasa la nne alipanda jukwaani akasalimu kwa Kimakua. Ilikuwa salamu tu, maneno machache, lakini nyuma kabisa ya uwanja kina mama watano walisimama wakapiga vigelegele kana kwamba kuna harusi. Mmoja alifunika uso kwa khanga. Lugha yake haikuwa imewahi kutoka kwenye spika. Ngoma za Wayao zikafuata, kisha za Wamwera, na tulipoingia sisi nilijikuta nimo ndani ya mduara, mwanamke mzima, nikicheza kwa mabega kama mama alivyonionyesha uani Nachingwea. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa wa hapa tu.

Zamu ya utani ilipofika, mzee hakusubiri kuitwa. Alipanda na dumu tupu la lita tano kichwani, akatembea kwa madaha, akayumba, akajifanya analimwaga. Uwanja ulikuwa umeshaanza kucheka.

"Nauliza," alisema kwenye kipaza sauti. "Hivi huyu Mmakonde wa darasa la sita yupo? Namwona kila siku na dumu. Maji anayapeleka wapi, na wao hawayajui? Au anaenda kuyaonyesha kwao juu, waje kuyashangaa?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mdogo wangu alikuwa amekaa kati ya wenzake akitazama chini, na mwalimu wa nidhamu alikuwa amemnyooshea kipaza sauti cha pili. Hakukipokea. Akilini nilishamwona jogoo mweupe akirudi mlangoni kwangu, na mtoto huyu nyuma ya karai.

Alisimama. Alikung'uta sketi, akakipokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, watu wa juu."

"Wali umekula?"

"Nimekula."

"Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu sana. Nimerudia."

"Basi umekula maji yangu. Madumu sita nimeyachota tangu alfajiri. Kama Mmakonde hayajui maji, umeshiba nini?"

Kelele ilianza upande wa Wamakonde, lakini aliinua mkono kama mwalimu. Hakuwa amemaliza.

"Bibi yangu alishuka mlima na kuupanda na mtungi, hakumwaga tone. Wewe babu kisima kiko nyuma ya nyumba yako, na kanzu yako ina mafuta ya vitumbua vya dada tangu Idi ya mwaka juzi!"

Sijasikia kelele kama ile Mandawa, hata siku za mpira. Mzee aliuangalia mfuko wake, mbele ya watu wote, akaona doa. Akaliweka dumu chini polepole, akashika kifua, akaanguka chali jukwaani.

"Nimekufa!" alipiga kelele. "Nizikeni! Watani zangu wako wapi, njooni mnizike!"

Watoto wa Kimakonde, wa darasa la kwanza mpaka la saba, walimvamia. Walimbeba juu juu kuuzunguka uwanja, kofia ikaanguka, na mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyeiokota na kukimbia nyuma yao akicheka kuliko wote, amemshika mdogo wangu mkono. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, na suti yake, anafuta machozi. Walipofika mbele yangu mzee aliinua kichwa kutoka mabegani mwa watoto.

"Jogoo namla leo!" alisema.

Jumatatu alikuja kwenye karai mapema. Kanzu ilikuwa imefuliwa mpaka imepauka, ila doa liko palepale.

"Vya leo vimeoga?"

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu alipita nyuma yake na dumu kichwani. Mjukuu wa mzee alikuwa anamsubiri barabarani, anampigia kelele afanye haraka.

"Oga wewe kwanza, babu," alisema bila kusimama. "Vinakusubiri."

Alikuwa anawahi kuhesabu namba shuleni.